Ratiba yako ikibadilika, mbwa naye huhangaika

SHULE zinapofunguliwa mwezi wa Januari, nyumba nyingi za mijini hubadilika kwa siku moja tu. Watoto waliokuwa wakicheza uani kwa majuma mengi huondoka alfajiri na mikoba yao. Wazazi waliokuwa likizoni hurudi kazini. Kufikia saa mbili asubuhi, anayebaki nyumbani ni mbwa peke yake.

Siku chache baadaye malalamiko huanza. Jirani anasema mbwa alibweka kutwa nzima. Mlango wa jikoni umekwaruzwa hadi rangi ikatoka. Kiatu kimoja cha baba kimetafunwa, na kuna mkojo sebuleni ilhali mbwa huyo alifunzwa zamani kwenda nje.

Watu wengi husema mbwa ameharibika, au kwamba analipiza kisasi kwa sababu ameachwa. Baadhi huchukua fimbo. Wengine humfunga mnyororo, na wengine humtafuta mtu wa kumchukua, au humwacha tu barabarani.

Huenda msomaji akauliza daktari wa watu anatafuta nini katika habari za mbwa. Jibu ni kwamba matatizo haya hayakomei kwa mnyama. Hutufikia kliniki yakiwa katika sura ya mtoto aliyeumwa mkononi, mama asiyepata usingizi kwa kelele za mbwa wa jirani, au mzee aliyeangushwa langoni na mbwa aliyekuwa akitoroka.

Ukweli ni kwamba mbwa huyo ameshikwa na hofu. Mpangilio wa siku aliouzoea umevunjika ghafla, na hajui kama waliotoka watarudi. Mwenye mbwa akilielewa jambo hili mapema, anaweza kuepuka hasara, ugomvi na majeraha.

MBWA HUJUAJE SAA?

Mbwa hana saa ya mkononi, lakini mwili wake, kama wetu, una saa ya ndani inayoongozwa na mwanga, giza na njaa. Ikiwa hulishwa saa kumi na mbili jioni kila siku, tumbo lake huanza kujiandaa kabla ya sahani kufika.

Aidha, mbwa ni hodari wa kusoma ishara. Jambo hili lilichunguzwa na mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904 kwa kazi yake kuhusu usagaji wa chakula mwilini. Pavlov aliona kwamba mbwa waliozoea kulishwa baada ya ishara fulani walitokwa na mate mara tu ishara hiyo ilipotolewa, hata kabla ya chakula kuonekana.

Nyumbani kwako ishara ni nyingi. Kuna redio inayofunguliwa kwa taarifa ya habari ya asubuhi, harufu ya rangi ya viatu, mlio wa funguo, kisha lango linalofunguliwa. Mbwa aliyezoea mambo haya hutulia, kwa kuwa kila siku yamefuatwa na mchana wa kulala na jioni ya watu kurudi.

Kwa kawaida, mbwa mzima hulala au kupumzika sehemu kubwa ya mchana. Kwa hiyo, kubaki peke yake kwa saa kadhaa si mateso kwake, mradi amezoezwa.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mbwa aliyezoea kuwa na watu kuanzia asubuhi hadi usiku hawezi kugeuka siku moja akakaa peke yake kwa saa kumi bila kuhangaika.

MABADILIKO YANAYOMTATIZA

Funzo kubwa lilipatikana wakati wa janga la Covid-19. Kisa cha kwanza nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020. Shule zilifungwa, ofisi nyingi zikawaambia wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani, na kafyu ya usiku iliyoanza Machi 27 mwaka huo haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021.

Katika kipindi hicho, mbwa wengi wa mjini hawakuachwa peke yao hata kwa saa moja. Wale waliochukuliwa wakiwa wachanga walikua bila kujua nyumba isiyo na mtu. Shule ziliporejelewa na wanafunzi wote Januari 2021, na ofisi zikawa zinafunguliwa moja baada ya nyingine, mbwa hao walijikuta pweke kwa ghafla. Madaktari wa wanyama katika nchi mbalimbali walitoa tahadhari kuhusu jambo hilo.

Hata hivyo, si lazima kuwe na janga. Mambo ya kawaida ya maisha ya mjini yanatosha kumyumbisha mbwa. Mwenye mbwa hubadilishiwa zamu kutoka mchana hadi usiku. Yaya aliyekuwa akimlisha huacha kazi. Familia huhama kutoka nyumba yenye ua na kuingia katika nyumba ya ghorofa. Kijana aliyekuwa akicheza naye huenda shule ya bweni. Mtoto huzaliwa, na mbwa aliyekuwa akilala sebuleni hufukuzwa nje usiku huohuo.

Kuna pia safari za Desemba. Familia huenda mashambani kwa wiki mbili au tatu, na mbwa huachiwa bawabu ambaye pengine hajawahi hata kumgusa. Hapo chakula, saa za kula, sauti anayoijua na mkono unaomlisha hubadilika kwa pamoja.

Mbwa mzee ambaye macho au masikio yameanza kudhoofika huathirika zaidi, kwa sababu mazoea ndiyo yanayomwelekeza.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mara nyingi hofu huanza hata kabla hujatoka. Mbwa hukufuata chumba hadi chumba unapovaa viatu, huhema kwa kasi, hutetemeka au husimama mlangoni akikuzuia.

Ukishaondoka, dalili kali kwa kawaida hutokea katika nusu saa ya kwanza. Mbwa hubweka au kulia kwa sauti ndefu, hukwaruza mlango na dirisha, hutafuna vitu vyenye harufu yako, hutokwa na mate mengi na huweza kukojoa au kujisaidia ndani. Wengi hawagusi chakula hadi mwenyewe arudi.

Lakini usidhani kwamba kila mbwa anayetafuna viatu ana hofu ya kuachwa. Mbwa mchanga anayeota meno hutafuna chochote. Mbwa mwenye nguvu nyingi na asiye na la kufanya huharibu vitu hata ukiwa nyumbani. Mwingine hubweka kwa sababu wachuuzi na wapita njia hupita karibu na ua.

Vilevile, mbwa aliyeanza kukojoa ndani anaweza kuwa na ugonjwa wa figo, kisukari au maambukizi ya kibofu. Mbwa mzee anaweza kuwa anapoteza kumbukumbu, kama inavyowapata wazee wetu. Kwa hivyo yafaa achunguzwe na daktari wa mifugo kabla hujaamua kwamba shida ni ya tabia.

Njia rahisi ya kupata ukweli ni kuacha simu mahali salama ikirekodi picha za video kwa nusu saa baada ya wewe kuondoka. Kama huna simu ya ziada, mwombe jirani asikilize na akuambie kelele zilianza lini na zilidumu kwa muda gani.

KISASI AU HOFU?

Wenye mbwa wengi husema: "Anajua amekosa. Nikiingia tu anainamisha kichwa." Jambo hili lilichunguzwa jijini New York na mtafiti Alexandra Horowitz, ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2009.

Katika uchunguzi huo, mbwa 14 walikatazwa kula kitu kitamu, kisha wenyewe wakatoka chumbani. Waliporudi, baadhi waliambiwa mbwa wao wamekula, hata pale ambapo hawakuwa wamekula. Ilibainika kwamba uso wa hatia ulitokea zaidi mbwa alipokemewa, awe amekosa au hajakosa. Kwa maneno mengine, mbwa anayeinamisha kichwa anaisoma hasira yako. Haungami kosa.

Jambo hili ni muhimu kwa sababu ya fimbo. Mbwa huunganisha adhabu na kile kinachotokea wakati uleule. Ukimpiga saa kumi na moja jioni kwa kiatu alichokitafuna saa mbili asubuhi, yeye huunganisha kipigo na kurudi kwako. Kesho yake atakuwa na hofu mbili, ya wewe kuondoka na ya wewe kuingia.

Mwili wake unafanya kazi kama wa binadamu aliyeshtuka. Homoni za adrenalini na kortisoli hupanda, moyo hupiga mbio, na misuli hukaza tayari kwa kukimbia au kupigana. Hali hii ikirudiwa kila asubuhi, mbwa hawezi kujifunza chochote kizuri, kama vile mtoto anayetetemeka asivyoweza kujifunza hesabu.

Mnyororo nao hausaidii. Mbwa aliyeshikwa na hofu akiwa amefungwa huweza kujinyonga akijaribu kuruka ua. Na kwa kuwa hawezi kukimbia, njia pekee inayobaki kwake mtu anapomkaribia ni kuuma.

HATARI KWA FAMILIA NA JIRANI

Mbwa anayeuma kwa hofu si lazima awe mkali. Mara nyingi ni yule mpole wa siku zote, aliyeshikwa ghafla shingoni au aliyekumbatiwa na mtoto alipokuwa anahangaika. Kwa hivyo, wafunze watoto wasimguse mbwa anayetetemeka, anayejificha au anayekula.

Mbwa anayevunja ua kila asubuhi hukutana na mbwa koko, na hapo ndipo hatari ya kichaa cha mbwa inapoingia. Shirika la Afya Duniani (WHO) limekadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika. Karibu wagonjwa wote, yaani asilimia 99, huwa wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, kupona ni nadra mno.

Kenya ilizindua mwaka wa 2014 mkakati wa kitaifa unaolenga kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030. Msingi wa mkakati huo ni kuwachanja mbwa. Kila anayemtupa barabarani mbwa aliyemchoka anaongeza idadi ya mbwa ambao hakuna anayewachanja.

Ni muhimu pia kutochanganya mambo haya mawili. Mbwa mwenye hofu ya kuachwa hutulia unaporudi. Lakini mbwa anayetokwa na mate hata mkiwa naye, aliyebadilika sauti, anayeshindwa kumeza, anayeyumba miguu ya nyuma au anayeuma vitu na watu bila sababu, anaweza kuwa na kichaa. Usimshike wala usimtie kidole kinywani kutafuta mfupa uliokwama. Watoe watu hapo, mfungie mahali ikiwezekana bila kumgusa, kisha umwite daktari wa mifugo.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usipake majivu, pilipili wala mafuta. Nenda hospitalini siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani na kidonda ni kidogo. Ukianzishiwa chanjo, usiache sindano hata moja ila kwa agizo la daktari. Mbwa mwenyewe asiuawe ovyo. Akiweza kufungiwa salama na kuangaliwa kwa siku 10, hali yake humsaidia daktari kuamua.

UFANYE NINI?

Dawa kuu ni kutobadilisha kila kitu kwa siku moja. Ikiwa unajua kwamba shule zitafunguliwa au utarudi ofisini, anza maandalizi wiki mbili kabla.

Kwanza, sogeza saa za kula na kutembea taratibu hadi zilingane na ratiba mpya. Kama baadaye utakuwa ukitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbwa aanze sasa kutembezwa saa kumi na moja na nusu. Mbwa aliyetembea na kujisaidia hulala kwa urahisi zaidi.

Pili, ziondolee ishara uzito wake. Chukua funguo, kisha ukae chini unywe chai. Vaa viatu, kisha uoshe vyombo. Baada ya siku kadhaa mbwa ataona kwamba mlio wa funguo si lazima uwe habari mbaya.

Tatu, mzoeze kuachwa kwa vipimo vidogo. Toka nje dakika moja, urudi kabla hajaanza kulia. Kisha dakika mbili, tano, kumi, hadi nusu saa na zaidi. Akilia, ujue umeongeza haraka mno, rudi nyuma hatua moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, wakati wa mazoezi haya usimwache kwa muda unaozidi uwezo wake. Hapa ndipo ndugu, jirani au kijana wa mtaani anayempenda anaweza kusaidia kwa kukaa naye mchana kwa siku chache. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mlango mpya.

Tano, mpe kazi ya kufanya unapotoka. Sehemu ya chakula chake inaweza kutiwa ndani ya mpira mgumu wenye tundu, akawa anakitafuta polepole. Usimpe mifupa iliyopikwa, kwa sababu huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa tumbo.

Sita, ondoka na urudi kwa utulivu. Si lazima umnyime salamu, bali yafaa usifanye kuondoka kuwa msiba na kurudi kuwa harusi.

Kwa safari ya Desemba, bawabu au jamaa atakayebaki aanze kumlisha mbwa angalau wiki moja kabla, nawe ukiwepo. Mwachie chakula kilekile alichozoea, karatasi yenye saa za kula, kadi ya chanjo na nambari ya simu ya daktari wa mifugo. Acha pia shati kuukuu lenye harufu yako kwenye kibanda chake.

Usikimbilie kununua mbwa wa pili ili amliwaze wa kwanza. Mara nyingi anayemkosa ni mtu, na unaweza kuishia na mbwa wawili wanaobweka.

DAWA ZA HOSPITALI

Ikiwa mbwa anajiumiza, anavunja meno kwenye lango au hali chakula kutwa, mazoezi peke yake huenda yasitoshe. Zipo dawa za kupunguza hofu. Nchini Marekani, klomipramini iliidhinishwa kwa mbwa wenye tatizo hili mwaka wa 1998, na fluoksetini mwaka wa 2007. Hutolewa pamoja na mazoezi, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo.

Dawa hizo hutumiwa pia na binadamu, na hapo ndipo penye hatari. Usimkatie mbwa kidonge chako cha usingizi au cha wasiwasi. Kipimo chake ni tofauti, na dawa za kawaida za maumivu kama paracetamol na ibuprofen zinaweza kumdhuru sana au kumuua. Pombe na bangi pia ni sumu kwake.

Mtafute daktari wa mifugo aliyesajiliwa na bodi inayosimamia taaluma hiyo. Jijini Nairobi, kuna pia kliniki ya wanyama wadogo katika kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete. Na kama maisha yamebadilika kiasi kwamba huwezi tena kumfuga, zungumza na shirika la kutetea wanyama la KSPCA badala ya kumwachilia usiku katika mtaa wa wengine.

Kwa sasa, chukua kalenda ya shule na ya likizo yako ya kazi. Tia alama siku ambayo nyumba itabaki tupu, kisha uhesabu siku 14 kurudi nyuma. Siku hiyo ndiyo ya kuanza mazoezi, na ni vyema pia kuangalia kama chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka huu imeshatolewa.